Paka wa Ofisini Anazidi Kunenepa

Shangazi mpendwa,

Nakusihi, haya yaishie kwako.

Paka mchanga wa ofisini hatoki nje kamwe. Nampimia chakula asubuhi na jioni kama alivyoagiza daktari wa mifugo, na kila siku nampandisha kwenye mizani ya vifurushi. Bado ananenepa! Bosi ameapa: akiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, kazi sina.

Jana nilijibanza nyuma ya kabati la mafaili nione nani anamlisha. Akaingia bosi mwenyewe, akapiga magoti, akatoa samaki mfukoni.

"Kula, mwanangu. Yule karani bahili atakuua kwa njaa."

Nimwambieje, Shangazi? Usipige simu ya ofisini, huipokea yeye. Nijibu kupitia fundi viatu wa chini ya chumba changu.

Mwana wa kaka yako