Mzee, Mashine Hii Haitazamwi

Mzee wangu, Baba Njeri,

Leo nimekaa kwenye kiti chako. Usinune. Bado kinayumba vile vile, na yeyote anayekuja na nyundo kukikaza namfukuza.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya hapa karakana ambalo ungekuwepo tungegombana vibaya. Na ninachokosa zaidi tangu uondoke ni kugombana na wewe.

Chama chetu kimenunua ile mashine ya leza. Ile niliyokuonyesha kwenye simu ukasema, "Wacha uongo, Nekesa, chuma hakikatwi na taa." Kinakatwa, Mzee. Bamba ulilokuwa ukilikata kwa gesi kuanzia saa ya chai hadi chakula cha mchana, mashine inalimaliza kabla sijafunga kamba za viatu, na ukingo wake hauhitaji grinda ya kuulainisha. Wanaojenga Kiamunyi siku hizi wanataka mageti yenye maua na twiga, na wewe wajua twiga wetu wa gesi walivyotoka na magoti yaliyovimba.

Lakini unakumbuka desturi yetu. Chombo kipya kikiingia karakana, kila mtu anaacha kazi, tunakizunguka, na mkubwa wetu anasimama karibu kuliko wote kuona kikianza. Siku ulipoleta grinda kubwa ulituita kwa ile sauti iliyofika mpaka Kaptembwo: "Njooni! Kazi inatazamwa!" Cheche zilikuingia ndevuni ukacheka. Mimi nilikuwa mgeni, msichana peke yangu kati ya wanaume, nimefukuzwa gereji nyingine kabla sijagusa spana. Ulinishika mkono ukanivuta mbele ili nione. Siku hiyo nilijua nimefika kwetu.

Sasa fikiria mimi ndiye ninayewaambia watu hao hao hakuna kutazama.

Chama kilinipeleka mafunzo, na niliyosikia huko yalininyima raha. Mwanga wenyewe hauonekani. Ule wa kuchomelea unauona, unageuza uso, na ukichelewa unalala macho yamejaa mchanga, Mama Njeri anakuwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope, kesho unarudi kazini ukijidai hukuumia. Huu haukupi nafasi ya kugeuka. Mwanga huu ukigonga chuma kinachong'aa unaruka pembeni, ukikuingia jichoni unaweza usisikie chochote, na ulichopoteza hakirudi. Kile kioo cheusi cha kofia zetu, ambacho sisi wachomeleaji tunakiamini kuliko daktari, hakikutengenezwa kuuzuia.

Basi nikasema haiwashwi mpaka niijengee chumba cha chuma kisicho na upenyo. Mlango uwe na swichi: ukifunguka tu, mashine inazimika. Feni ivute moshi na kuutoa nje kwa bomba. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na maranda ya seremala yahamie upande mwingine. Miwani yake maalum nayo ipo, lakini ni ya fundi anayeirekebisha, si tikiti ya watazamaji.

Watu walinuna! Kiplagat ndiye aliyezidi. Yule uliyemfundisha kuchomelea kabla yangu, na bado anajiona kaka yangu mkubwa. "Nekesa, umetuletea mashine ama umetuletea benki? Tutajuaje inafanya nini huko ndani?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mzee hangetuficha kazi." Hilo liliniingia. Nilienda nyuma ya rundo la vyuma chakavu nikalia, halafu nikarudi kukunja mabati kwa hasira, na pembe zikatoka vizuri ajabu.

Siku ya kujaribu, nilisimamisha ubao ndani ya chumba, nikaweka mezani kipande cha alumini kutoka kwa watengeneza sufuria. Nikafunga mlango, nikaiwasha kutoka nje. Kiplagat alikuja amevaa kofia yake ya kuchomelea, eti atachungulia pale mabati yalipokutana. Nilimwambia akipata upenyo anionyeshe niuzibe. Akatafuta, akakosa.

Nilipofungua, ubao ulikuwa na alama nyeusi kama harage pale mwanga ulioruka kutoka kwenye alumini ulipougonga, bado inafuka moshi. Niliubeba nje nikausimamisha kando ya Kiplagat. Alama ilifika sawasawa na kimo cha jicho lake.

Alivua kofia. Akanishika bega. Tangu hapo yeye ndiye anayekagua kila kiungo cha chumba kile, na ni mkali kuliko mimi.

Mimi nililia tena, safari hii mbele ya wote. Nilikuwa nakuona wewe, Mzee. Ungesimama pale mbele ukituita, kwa furaha yako yote, na desturi niliyoipenda kuliko zote ndiyo ingekuchukua macho.

Ndiyo maana tumeweka desturi nyingine. Kila asubuhi kabla ya kukata, tunaacha kichwa cha mashine kitembee bila mwanga, na aliye mkubwa wetu siku hiyo anavuta mlango. Sote tusikie imenyamaza. Isiponyamaza, hakuna kazi. Wa kwanza alikuwa Mama Njeri, aliyekuja kutoka Bahati na chupa mbili za chai, akiwa bado na kitambaa cheusi cha matanga. Akavuta mlango, mashine ikakatika. Nikaiwasha upya, akavuta tena. Kisha akajishika kiuno akacheka: "Ati ukiiambia wacha, inawacha? Haki hii inaambilika kuliko mzee wangu!"

Karakana nzima ilicheka, Mzee. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kisha tulisimama nje tukaisikiliza ikikata kipande cha kwanza. Hakuna aliyeona kitu. Kilipopoa kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akipitisha kidole ukingoni, na Mama Njeri akakishika muda mrefu kuliko wote. Nilimwachia, akaondoka nacho.

Nimekukosa, Mzee. Asubuhi bado nageuka nikisikia mtu akikohoa getini.

Pumzika sasa. Nakuahidi swichi ile ya mlango haitafungwa kwa kipande cha waya ili mashine ikate mlango ukiwa wazi na kazi iende haraka, hata mteja apige kelele, hata chama kizima kinikasirikie. Watu ulioniachia watarudi kwao kila jioni wakiiona njia.

Msichana wako,
Nekesa