Mafuta Kwenye Lenzi

Mpendwa Nafula,

Huku Riruta tu wazima, ila baridi ya Julai imetukazia. Nyanya yako anakusalimia sana.

Unauliza mbona kamera yako ya dijitali, na lenzi zote ulizojaribu, haitoi ukungu kama ule wa picha ya nyanya yako iliyo ukutani. Mama, ule ulikuwa uchafu! Nilikuwa mpiga picha mgeni katika studio moja mjini. Asubuhi hiyo ya baridi nilijipaka mafuta mikononi, nikaishika lenzi kabla ya kupangusa vidole. Akaja msichana kutoka mtaa wa Jamhuri, nikampiga picha. Maua ya pazia yakayeyuka nyuma yake kama yamo majini. Mwenye studio alitaka kunifuta kazi. Lakini msichana aliitazama picha, kisha akasema, "Usirudie. Hivi ndivyo ninavyojiona nikiota."

Wewe weka kipande cha kioo kama cha dirisha mbele ya lenzi, upake mafuta kandokando, katikati uache.

Siku hizi nina mtoto wa jicho. Daktari yuko tayari kunipasua, nami namwambia angoje kidogo. Nyanya yako akipita dirishani asubuhi, namwona vilevile kama siku ile.

Babu yako