Jua Likienda Usiguse

Mwaitu,

Syombua ametoka sasa hivi kusimama mbele ya kamera. Alikuja kutoka jikoni na kipande cha mkate, akakiweka mkate juu ya jiwe, akajipangusa mdomo na kiganja, halafu akasimama wima kati ya jua na lenzi. Kidevu juu, mikono imebana mapajani, kama mtu aliyekuja kupigwa ya paspoti. Kamera ikamlia ka. Ikamlia tena ka. Mimi niko hapa nyuma nimeganda. Siwezi kumvuta kwa sababu mguu wake uko karibu na stendi, na nikimpigia kelele atashtuka akimbilie kwangu aiangushe yote. Nikamwambia polepole, "Imetoka vizuri, Mwaitu, asante, mwingine aingie." Akaondoka pale kama mtu anashuka kwenye kiti cha studio, akachukua mkate wake, akaenda zake.

Maneno hayo ni yako. Ulikuwa unawaambia wateja hivyo hata siku ambazo nje hakukuwa na mwingine.

Ulimwacha akitambaa. Sasa anakimbia na anajibu watu wazima. Jina lako limemkaa vizuri, halimbani mahali. Musyoka mwanao anamwita Mwaitu, yaani mama, vile alivyokuwa anakuita wewe mama yake, na mimi namwita hivyo pia, ndiyo desturi yetu, lakini taabu yake ni kwamba mtoto amekosa wa kumgombeza. Juzi alimwaga unga wote wa ugali kwa mchanga, ati ananyesha mvua. Nikamwambia baba yake amchape kidogo tu. Akaniangalia kama nimetukana. "Nimchape mama yangu, mimi?" Akachukua ufagio akafagia mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu mikono yangu haina kazi. Unakumbuka ulivyokuwa unasuka kiondo kila ukiiacha kamera ijipigie? Ulisema mkono usio na kazi lazima utagusa kamera, na ukigusa umeharibu jioni ya watu. Mimi kiondo kilinishinda. Kile ulichonianzishia bado kiko, kimepinda upande mmoja kama mtu wa jino bovu, Syombua anawekea mahindi ya kuku. Kwa hivyo nimechukua daftari. Usicheke mwandiko, unajua shule niliiacha kidato cha pili.

Ninapiga ile yako. Ile ya kuikunja jioni. Wengine huiita taimulapsi lakini wewe ulisema sisi tunakunja tu jioni kama vile mtu anakunja leso, inaingia kwa mfuko. Kamera inapiga picha moja, unavuta pumzi mbili, inapiga nyingine, mpaka usiku uingie, halafu kwa kompyuta unaziunga zote zinakuwa video fupi. Ya kwanza tuliyofanya pamoja ilikuwa ya mawingu. Ulikuwa huwezi kusimama sana tena, ukakaa nyuma ya studio kwa kile kiti cha buluu cha wateja na kiondo chako mapajani, mimi ndiyo nikashika kamera. Mawingu yalikuja kutoka upande wa milima ya Chyulu, yakatuangalia, yakarudi. Hatukupata hata tone. Lakini tulipoziunga, mchana mzima ukapita kwa muda wa kunywa glasi ya maji, watu wa barabarani wakipita vuu, vuu, kama siafu. Ulicheka sana. Ukasema, "Kumbe ndivyo Mungu anatuona."

Hiyo naikumbuka zaidi ya mahubiri mengi.

Sasa nikwambie kwa nini ninafanya. Mzee Athumani wa hoteli, yule ambaye wazee wake walitoka pwani na Kiswahili chake kimepigwa pasi, ameweka televisheni kubwa ukutani. Amechoka kuonyesha wasafiri siasa wakila. Akaniita, akasema, "Mwanangu, kila siku jua likitua mimi niko ndani ya msikiti. Nikitoka ni giza. Maisha yangu yote hapa Kambu sijaona mbingu inafanya nini mimi nikiwa katika sala. Nipigie hiyo." Akasema ikitoka vizuri ataiweka pale ukutani na atanipa kazi ya picha za hoteli yote, hata za vyakula.

Ya kwanza niliiharibu. Jua lilipoingia nyuma ya mlima, kila mtu aliyekuwa amesimama pale akasema haya, imeisha. Kuku walikuwa hawajafungiwa, mtoto analia njaa, na mimi nikazima. Nikampelekea Mzee. Akaiangalia mpaka mwisho kwa heshima, akaniuliza, "Na baadaye?" Nikasema baadaye jua lilikuwa limeenda. Akasema, "Mwanangu, umenipigia ile ninayoijua, ukanikatia pale ninapoingia mimi msikitini."

Nilitembea mpaka nyumbani nikikusikia. Jua likienda usiguse. Mara ngapi uliniambia? Ulisema jua likiwa juu linajionyesha lenyewe tu, likishaenda ndiyo mbingu inapata nafasi yake. Na mimi nikazima kama mtu anayezima jiko.

Ya pili sikuzima. Ya pili iliharibiwa na jirani yetu Mama Ndinda. Si unajua huku kwetu, kamera ikisimama kwa miguu yake mitatu watu wanajua imekuja kwa ajili yao. Alipita na kuni, akasikia inalia ka, akaniuliza, "Inajipiga yenyewe?" Nikasema ndiyo. "Na ni bure?" Nikasema ndiyo, lakini leo sio ya watu. Hiyo ya mwisho hakuisikia. Alienda, akarudi amevaa sare ya kina mama wa kanisa, na bwanake amevaa koti, na nyuma yao ukoo. Wakapanga mstari wenyewe. Nilipowaambia watoke wakafikiri nawaambia wasonge, wakasonga wakakaribia lenzi. Kwa video unaona mbingu nyekundu nzuri kabisa, na watu wanachipuka mbele yake kama uyoga, wananyauka, wanachipuka wengine. Mzee Athumani alicheka mpaka akashika meza. Halafu akasema, "Harusi ni nzuri, lakini mimi niliomba mbingu." Mama Ndinda bado ananidai picha yake. Nimemwahidi nitampiga kwa kiti cha buluu, yeye na koti la bwanake.

Kama kiti cha buluu kitakuwa na mahali pa kukaa, Mwaitu. Hapo ndipo nina hofu.

Studio haina watu kama zamani. Kila mtu ana simu. Wanakuja wa paspoti, na watoto wa shule siku za kufungua, basi. Kuna fundi wa pancha anakitaka hicho chumba kwa sababu kiko kando ya barabara, malori yanasimama pale pale. Musyoka aliniambia wiki hii, na hakuniambia kwa ubaya, "Hii ya Mzee akiikataa tena, tumpe fundi chumba. Kamera utapigia hapa nyumbani." Mwanao si mbaya. Lakini tangu tukuzike hajaingia mle ndani. Akitoka kuuza matikiti yake anapita mlangoni akiangalia barabara, kama mtu anapita nyumba yenye mbwa. Mimi ndiyo nafagia, mimi ndiyo napanguza kiti. Najua sio pancha anataka. Anataka apite pale bila kukuona umekaa.

Mimi nataka nikuone umekaa. Ndiyo tofauti yetu, na hatujawahi kuisema.

Unajua nilipoletwa hapa kutoka kwetu Tawa nilijua nitapewa jembe. Nilikuwa nimejitayarisha na viatu vya shamba. Ukanivisha mkanda wa kamera shingoni mbele ya watu wote, ukasema, "Ukiiangusha, hakikisha umeanguka wewe chini yake." Mama yangu mzazi alipiga simu kuuliza kama nateswa. Nikamwambia nafundishwa kupima mwanga. Akauliza, "Na chakula wanakupa?"

Basi leo nimefanya vile ulivyonifunza. Nimepanguza lenzi na kile kitambaa cha gauni lako. Nimening'iniza kidumu cha maji chini ya stendi ili upepo wa malori usiitikise. Nimepima mwanga wa mbingu ya kando, sio wa jua lenyewe, na nikafunga kipimo hapo hapo, kwa sababu ukiiacha kamera ijipimie itang'ang'ana kufanya usiku uwe mchana. Giza liingie kama giza. Betri nimechaji tangu asubuhi. Mama Ndinda nimemwambia mapema. Aliyebaki bila kuambiwa alikuwa Mwaitu mdogo na mkate wake, lakini aliingia mwanzoni kabisa, jua likiwa bado juu ya mlima, hapo nitakata. Sitaitupa hiyo. Nitatoa moja, nibandike kando ya picha yako pale ukutani. Kidevu ni kile kile.

Jua limefika mlimani. Sasa sioni vizuri nikiliangalia kwa hivyo naangalia karatasi.

Adhana haijalia bado. Mzee Athumani amepita njia ya chini akienda msikitini, kofia yake nyeupe, akaniinulia mkono bila kusimama. Nami nikainua kalamu.

Jua limeenda. Adhana imelia.

Wanapita watu wa sokoni. "Imeisha, Mama Syombua, kunja twende." Nawaambia bado. Mmoja anauliza bado nini. Mwaitu, mkono unaniwasha kweli. Mbingu imekuwa kama majivu, haina kitu, mtu akija sasa ataona nimekaa nje na daftari kama mwehu nikipiga picha ya majivu. Na kama ni leo mbingu imekataa? Kuna siku hukataa, wewe mwenyewe ulisema. Naandika tu ili mkono usiende. Ka. Pumzi mbili. Ka.

Fundi wa pancha amekuja. Amekuja na futi mkononi kupima mlango wa studio, nauona kutoka hapa nilipokaa, leo kati ya siku zote. Musyoka ametoka barabarani na mikono ina vumbi, wamesalimiana. Naona Musyoka anatafuta ufunguo mfukoni. Amefungua. Amesimama kwa kizingiti.

Ameingia, Mwaitu.

Sijui niandike nini hapa. Yuko ndani. Fundi anangoja nje anavuta futi na kuirudisha, anavuta na kuirudisha. Ningeenda, lakini naogopa, na kamera siwezi kuiacha.

Ametoka na kiti cha buluu. Amekibeba juu ya kichwa kama mtu anahama, nikafikiri ndiyo hivyo, ndiyo wanatoa vitu. Lakini amekuja nacho mpaka hapa kwangu, amekiweka kando ya kamera, akakipanguza na mkono ingawa mimi nilikipanguza asubuhi, akaketi. Macho yake siwezi kukuandikia. Akasema, "Enda umpe Mwaitu chakula. Nitalinda." Nikamwambia usiguse. Akasema, "Najua. Mimi nimezaliwa kwa nyumba ya kamera, wewe umeolewa tu."

Kwa hivyo sasa nakuandikia nikiwa mlangoni mwa jikoni, kwa mwanga wa taa. Syombua anakula ndengu, nyingine anaipa paka. Namsikia fundi huko nje akiuliza, "Basi nipime?" Na namsikia mwanao anamjibu, pole pole, bila hasira, "Hicho chumba kina mwenyewe. Na pitia nyuma tafadhali, unaingia kwa picha."

Nimeisoma hiyo mara mbili baada ya kuiandika, kuona kama nimeiandika vizuri.

Sijui bado kama Mzee Athumani ataipenda. Hiyo ni ya kesho. Lakini leo nataka nikwambie kwaheri vizuri, kwa sababu siku ile tulikuwa watu wengi na mchungaji alikuwa na haraka ya mvua, na mimi nilikuwa nimembeba mtoto analia, sikusema chochote. Lala salama, Mwaitu wangu. Asante kwa mkanda shingoni. Nakuahidi huyu mwenye jina lako nitamfundisha kupima mwanga kabla hajajua kuandika, na kiondo nitakimaliza hata kiwe kimepinda vipi, na studio nitaifungua kila asubuhi hata kama hakuna mwingine wa kuingia. Na jua likienda, sitagu

Musyoka ananiita. "Mama Syombua, wacha hiyo, mlete Mwaitu mbio, njooni muone mbingu imegeuka, mlima wote ume" na amenyamaza katikati, kwa hivyo ngoja nim