Kwa Mama Rannvá, Aliyewalinda Buabua wa Mteremkoni

Mwaka umetimia, mama yetu mpendwa, tangu ulipotutoka hospitalini mjini Tórshavn, mbali na kisiwa chako.

Majirani walihama mmoja mmoja mpaka mkabaki wewe na Baba peke yenu. Hukulalamika. Kila baridi ilipolegea ulipanda mteremkoni, fimbo umeiinua juu ya kichwa ili buabua, wale ndege wa baharini, waidonoe hiyo wakuachie utosi, ukaketi kutazama nani kaatamia wapi. Baba alikuwa akitania, "Mke wangu kaolewa na ndege. Mimi hapa mpangaji tu."

"Basi mpangaji, teleka viazi," ulimjibu.

Ulizungushia uzio kipande cha mteremko kondoo wasile maua. Baba mdogo Jákup akafoka, "Shemeji, kondoo wangu wale mawe?" Ukacheka, ukamkatia mashina ya kvann, ule mmea wenye harufu nzuri, atafune njiani. Maua ya manjano tuliyodhani yamekwisha yakachipua tena kando ya kijito.

Kiangazi chako cha mwisho samaki waliadimika, buabua wakayatelekeza mayai. Ikabaki jozi moja na kinda wao. Moyo wako ulikuwa umeshaanza kukusumbua, na daktari alikuwa anakungoja. Binti yako Sunnvá alikuja na boti kukuchukua.

"Mama, twende leo. Hao ndege hata hawakujui."

"Najua hawanijui. Lakini nikiondoka, kunguru atamla yule mdogo. Acha aruke kwanza."

Boti ikaondoka bila wewe. Kinda akaruka. Ulipopanda boti iliyofuata, moyo ulikuwa umechoka mno. Hatukufichi, Mama: tulikukasirikia, na siku nyingine bado tunakukasirikia.

Mwaka huu buabua hawakuja kabisa. Baba hupanda mteremkoni peke yake, akakaa huko mpaka ukungu umfunike. Tumembembeleza ahamie kwetu mjini, hataki. Juzi Sunnvá alimpigia simu tena.

"Baba, huko hakuna mtu, hakuna ndege. Unamngoja nani?"

Upepo ulivuma simuni alipojibu:

"Je, wakija wakute nyumba imefungwa?"

Unakumbukwa na mumeo Hanus, aliyebaki kisiwani. Wanao Sunnvá na Tróndur. Shemeji yako Jákup. Na wajukuu zako, ambao bado wanauliza utarudi na boti ipi.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama.