Chini ya Thelathini na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimekubaliwa dawa mpya — kwa sharti. Ni dripu, kila wiki tatu, ya kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani iliyo kwenye ini. Lakini kwanza bilirubini, ile rangi ya manjano kwenye damu, ishuke chini ya 34. Leo ni 38. Kipimo kingine Ijumaa. Ikishuka, naanza Jumanne ijayo. Isiposhuka, nafasi yangu anapewa anayefuata kwenye orodha.

Nilimuuliza daktari: na nikianza kabla ini halijawa tayari? Akaanza kueleza habari za ratiba. Nikarudia swali, neno kwa neno. Ndivyo ninavyowafanyia wakubwa wanaokwepa maswali ya gazeti, mwaka wa thelathini na moja huu. Akavua miwani. Akasema dawa inaweza kulimaliza ini haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

Jibu safi. Nimeliandika.

Jumatano, 5 Machi
Chumba cha nyuma kwa mdogo wangu, karibu na hospitali. Hatua sita kwa nne. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Chumba cha pili cherehani yake inanguruma tangu asubuhi. Ngozi imekuwa ya njano, inawasha hadi nyayo.

Siruhusiwi kutoka — nitaokota maambukizi, eti. Geti lina kufuli, na ufunguo ananing'iniza shingoni pamoja na utepe wake wa kupimia nguo. "Dada, nakujua. Ukisikia king'ora tu, huyoo!"

Kilipita kimoja saa nne. Nilisimama. Nikakaa.

Shemeji kachungulia mlangoni: "Shemeji, usikae karibu na hilo pazia la njano, tutakutafuta siku nzima." Nikamwambia yeye hata gizani hapotei, kitambi kinamtangulia. Mdogo wangu akamfukuza. Nilicheka mpaka ubavu ukauma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetolewa damu asubuhi. Saa tisa alasiri daktari kapiga simu mwenyewe — 32!

Vigelegele, mpaka wateja wa nguo wakaja kuuliza kuna nini. Shemeji kacheza barazani peke yake. Mimi nimeandika 32 na kuizungushia duara. Ni desturi ya chumba chetu cha habari: namba ya chanzo kimoja, duara; ya vyanzo viwili, mistari miwili chini yake. Mhariri wangu — tunamwita Mkasi — hagusi habari yenye duara.

Kila nikifungua daftari nakutana na lile duara.

Jumamosi, 8 Machi
Mdogo wangu kaenda kupeleka magauni ya wateja, ufunguo kamwachia mumewe. Nikamwambia shemeji nataka kunyoosha miguu mpaka kona. "Dakika kumi, shemeji. Ukichelewa, mimi ndiye nitakayelala nje."

Pale kona kuna maabara ya mtu binafsi. Nilikunja mkono wa gauni kabla hawajaniuliza shida yangu.

Hakuna aliyenituma. Mazoea tu.

Jumapili, 9 Machi
41.

Nimempigia fundi wa maabara. Anasema mashine hutofautiana, mama, ila si kwa kiasi hicho. Mmekosea ninyi? Inawezekana. Wamekosea wao? Inawezekana pia.

Hospitali 32, kona 41. Mstari wa 34 uko katikati.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempigia Mkasi. Vyanzo viwili vinapingana, gazeti linatoka kesho. Tunafanyaje?

"Tunangoja, dada. Unalijua hilo kuliko mimi." Kisha: "Kwani hiyo ni habari ya nani?"

Nikakata simu.

Mdogo wangu kaikuta karatasi ya 41 ndani ya daftari akitandika kitanda. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Kauliza nani kanituma. Kasema hospitali ndio wenye dawa, hao wa kona ni akina nani? Kasema nikiionyesha, Jumanne yangu itakaliwa na mtu mwingine.

"Na nisipoionyesha, dawa inaweza kunimaliza."

"Na usipoanza?"

Akairudisha karatasi palepale alipoitoa, akamalizia kutandika, akanyoosha mpaka pembe za shuka. Hakusema "ichane." Namjua, alitaka niseme mimi.

Geti limefungwa. Leo hata hapakuwa na haja ya kulifunga.

Jumanne, 11 Machi
Hospitalini, kiti namba 4. Dirisha la hapa halifunguki. Sindano imo mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia. Chupa imetundikwa, koki bado imefungwa.

Muuguzi ana fomu. Mzio? Hapana. Homa? Hapana. Umefanya kipimo chochote cha damu nje ya hapa ndani ya siku saba?

"Hapana" — mdogo wangu, kabla sijavuta pumzi.

"Namuuliza mgonjwa, mama."

Simu ikaita mezani kwake, kaenda kuipokea. Karatasi ya 41 iko chini ya ukurasa huu. Naihisi kila nikikandamiza kalamu. Mdogo wangu ameshika pindo la gauni langu, kama alivyokuwa akilishika zamani tukivuka barabara kwenda shule. Haniangalii. Anaangalia koki.

Muuguzi amerudi. Ameketi. Anarudia swali, neno kwa neno —