Simbi ya Doto

Jumanne, 4 Machi
Chiiii. Sauti hiyo haijanitoka tangu asubuhi. Kidato cha pili, kipindi cha tatu. Nilitumbukiza simbi kwenye asidi ili waone kwamba ganda la konokono wa baharini ni chokaa. Mapovu yakapanda. Wakapiga makofi. Nikafurahia makofi. Ganda la yai lingetosha.

Simbi si yangu. Bibi alinipa Jumapili kule Mofu, nimtafutie uzi imara. Ilikuwa imechomoka kwenye mkanda wake wa mama wa mapacha. Nikajiambia simbi ni simbi. Kipande kilichobaki nimekifunga kwenye karatasi.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Baba, nikauliza juu juu. Simbi ni mbili. Moja ni ya Baba mwenyewe, yeye ndiye Kulwa. Iliyochomoka ni ya pacha wake, Doto, aliyefariki mchanga. Kaburi lilibaki Usukumani walipohamia huku na ng'ombe. "Mama hulala ameishika," akasema.

Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata nyingine sokoni, kwa muuza dawa za asili. Ukubwa uleule. Ila mgongoni ina duara la njano linalong'aa. La Doto lilikuwa limefutika kwa vidole vya Bibi. Nimelisugua kwa msasa mpaka likafifia. Dakika kumi tu. Bibi ilimchukua maisha mazima.

Jumapili, 9 Machi
Mofu. Bibi haoni vizuri siku hizi. Nilipomwamkia akacheka. "Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea mtoto?" Nikampa. Akaipitisha kwenye kidole gumba. Akaigeuza. Akaipitisha tena. Kicheko kikaisha.

"Asante, mwalimu."

Hajawahi kuniita mwalimu. Simbi akaiweka kwenye bakuli, si kwenye mkanda.

Jumatatu, 10 Machi
"Madam, leo hakuna mapovu?" Nikawafokea. Hawakuwa na kosa. Nimemdanganya mtu kwa sababu macho yake ni mabovu. Hilo ndilo nililofanya, hakuna jina zuri zaidi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimetoka Mofu jioni hii. Nilipiga magoti nikamwambia Bibi yote, hata makofi. Nikamfungulia karatasi. Kipande ni chembamba kama ukucha. Hakunigombeza. Alikishika mpaka uji wake ukapoa, kisha akaniomba nimletee mkanda.

Hakina tena pa kupitisha uzi. Nimekishonea kifuko cha kitambaa, nikakifunga kando ya Kulwa. Kwa uzi ule alionituma.