Nilijificha Sauti Yako Ilipoingia Dukani

Mwanangu Ambokile,

Hujambo huko Dar es Salaam na joto lake? Sisi Mbalizi tuna ukungu tu, na baba yako goti bado linamsumbua, lakini kazini barabarani anakwenda. Usishtuke kuiona barua yangu gazetini. Za bahasha nimekutumia mbili, hukujibu, wala sikulaumu. Tena neno lile nililisema mbele ya watu, kwa hiyo nimeona si haki nije nikuombe radhi kwa siri. Mwalimu wa darasa letu la kina mama pale kanisani amenisahihishia herufi. Maneno ni yangu, na aibu ni yangu.

Nianzie mbali kidogo, maana watakaosoma si wote watu wa kwetu. Sisi Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, anaacha njia, anajifunika, anaingia migombani mpaka apite. Mimi nilikaa jirani na babu yako miaka mingi, wewe umezaliwa pale, umetambaa pale, na uso wake siujui. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa anakohoa mara mbili, anagonga fimbo chini, halafu anasema, "Mwaghonile." Kwa watu wengine ile ilikuwa salamu. Kwangu ilikuwa: mkwe, nipishe.

Unakumbuka mtungi? Ulikuwa na miaka saba hivi. Natoka mtoni na maji kichwani, mara nasikia kikohozi, mara mbili, fimbo, na salamu ile ile. Niliuachia mtungi nikaruka migombani, nikachuchumaa nimejifunika uso wote. Nikangoja. Hapiti mtu. Nilipofunua jicho moja nikakuona wewe na kijiti chako, umepinda mgongo, kidevu kinatetemeka kama cha mzee kabisa.

"Mkwe," ukaniambia, "umepotea njia?"

Nilikuchapa kwa kijiti hicho hicho. Mtungi ule uliovunjika alinipa mama yangu. Ila kuna jambo sijawahi kukwambia: niliporudi kuchota tena nilicheka peke yangu mtoni mpaka nikakaa kwenye mawe. Na babu yako alipopata habari, nilimsikia nikiwa nyuma ya ukuta, anamwambia baba yako, "Mwacheni mtoto. Siku nikiondoka, nani atakohoa hapa?"

Halafu Tosamaganga, shuleni kwenu. Nilipanda lori toka Mbeya hadi Iringa, vumbi mpaka kwenye meno, nije kuona mchezo wenu wa Noeli. Nilijua utakuwa Yosefu. Kumbe wewe ni yule mwenye nyumba, anayefungua mlango na kusema hakuna nafasi. Maneno mawili. Lakini uliyasema huku unajikuna tumbo na kupiga miayo, na watu wakacheka hata padre akavua miwani afute macho. Mama mmoja Mhehe aliyekaa kando yangu akauliza, "Yule kijana wa nani?"

Nikasema, "Wangu."

Wakati ule, mwanangu, neno hilo lilitoka lenyewe.

Ulipopata ukarani pale Iringa nilitembea na habari hiyo kama nguo mpya. Hakuna aliyenunua ndizi kwangu asiambiwe. Kwa hiyo ulipoandika kwamba umeacha kalamu, unaigiza kwenye michezo ya redio, niliikunja barua yako nikaiweka chini ya godoro. Uliandika vizuri, nimeisoma tena juzi: "Mama, hawanipi kuwa kijana anayeoa. Wananipa wazee, walevi, jumbe mwenye hasira, mara moja bibi kizee. Lakini hao ndio watu ninaowajua." Baba yako alicheka akasema, "Haya, kukohoa nako kumekuwa kazi." Mimi sikucheka. Niliogopa watu watasema mtoto wangu amesomeshwa akawa mcheza ngoma. Wakiniuliza habari zako nikawa nasema, "Karani, sasa yuko Dar es Salaam, kwenye ofisi kubwa zaidi."

Ndipo ukatuma neno kwamba Jumamosi ile, alasiri, nisikilize. Nilikwenda kwa Bwana Faraji kama mtu anayetaka chumvi. Unalijua duka lake, redio iko juu ya rafu karibu na sabuni, na betri yake kubwa kama tofali. Watu walijaa. Sikumwambia mtu kwa nini nimekuja. Mchezo ukaanza, mke na mume wanagombana juu ya shamba, nami nakusubiri, nikisikia kijana nasema labda huyu.

Kikatoka kikohozi. Mara mbili. Fimbo ikagonga. "Mwaghonile."

Babu yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Kichwa changu kilijua hivyo. Miguu haikujua. Nilipokuja kupata akili nilikuwa nyuma ya magunia ya unga, nimepiga magoti, khanga usoni. Duka zima linacheka.

"Mama Ambokile," Bwana Faraji ananiita, "kuna nyoka huko?"

Mama Tulinagwe, jirani yetu, yeye hakucheka. Ni mke wa Mnyakyusa kama mimi, alinielewa. Akaniinamia, "Umemsikia mkwe wako, eti?"

Nilitoka nyuma ya magunia na unga magotini. Na mchezo ulipokwisha, mtangazaji akataja majina ya waigizaji, akasema mzee mwenye fimbo ni Ambokile wa Mbeya. Bwana Faraji akapunguza sauti ya redio. Alikuwa anatabasamu, amefurahi kwa niaba yangu.

"Mama Ambokile, huyu si wako?"

Nikasema, "Wangu ni karani. Akina Ambokile wako wengi."

 Mtu mzima, dukani, wote wananiita kwa jina lako, nami nakukana. Bwana Faraji alinipimia chumvi yangu, akaongeza kidogo juu. Chumvi ile nilishindwa kuipikia siku nyingi.

Ulipokuja likizo, basi lilikushusha pale pale dukani kwa Bwana Faraji, naye akakusimulia yote kwa mzaha, hakujua anachokubebesha. Ulifika nyumbani ukanisalimia vizuri, ukala. Majirani wakaja kukuona. Mama Tulinagwe akakuuliza, "Mwanangu, huko mjini unafanya kazi gani hasa?"

Ukaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

Ukafunga kifungo cha shati mpaka shingoni, ukakaa wima, na sauti ikakutoka nyembamba, kavu, sijawahi kuisikia. "Niko ofisini, mama. Napokea barua, nagonga mihuri. Kazi ni nyingi, ila tunashukuru Mungu." Hata vidole ulivifuta kwa leso, kama vina wino. Wote waliitikia kwa vichwa. Tangu Tosamaganga sikuwa nimekuona ukiigiza kwa macho yangu, na siku nimeona, ulikuwa unaigiza uongo wangu.

Uliondoka kabla siku zako za likizo hazijaisha. Nilikusindikiza hadi kituoni, na mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya basi ukaniuliza, "Yule karani nilimpatia, mama?" Hukuwa unacheka. Nami sikupata la kujibu, basi likaenda.

Sasa nakujibu. Ulimpatia. Na nisamehe, mwanangu.

Nimeshakwenda kwa Bwana Faraji nikamwambia ukweli, Jumamosi, watu wakiwepo. Akasema, "Tulijua, mama. Tulikuwa tunakungoja wewe." Mama Tulinagwe akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa. Sikujua kama kusamehewa kunauma hivyo.

Nafikiria sana habari ya babu yako. Yeye nilimsikia miaka yote bila kumwona kwa sababu ndiyo heshima yetu. Na wewe sasa nakusikia tu, sikuoni, na hapo hakuna mila iliyoniagiza. Nilijificha mwenyewe.

Kila Jumamosi alasiri niko dukani, benchi la mbele, karibu na rafu ya sabuni. Ukiwa mlevi nitakusikiliza, ukiwa bibi kizee nitakusikiliza. Na ukimleta tena babu yako, nitajifunika uso kwa khanga, maana hiyo ni haki yake. Lakini sitaondoka kwenye benchi, maana hiyo ni haki yako. Na mtu akiuliza yule mzee ni wa nani, nitamjibu nikiwa ndani ya khanga hiyo hiyo.

Kula vizuri, na koo lako ulitunze kwa asali. Ukipata nafasi, njoo. Mtungi mpya ninao, na njia ya mtoni unaijua.

Mimi mama yako, na jina langu ndilo hilo walilonipa ulipozaliwa,

Mama Ambokile
Mbalizi